USIZIDISHE MZIGO: Somo la Kupakia Mavuno Katika Pikapu

Mkulima akisha kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna, kazi yake bado haijaisha. Mazao yaliyo shambani hayajawa fedha. Huwa fedha yakifika sokoni yakiwa mazima, na mwenyewe akirudi nyumbani akiwa mzima. Siku hizi mazao mengi hutoka shambani kwa pikapu, ama ya mkulima mwenyewe, ama ya kukodi. Pikapu ni chombo chema. Hupita njia ambazo lori haliwezi kupita, na humfikisha mkulima sokoni mapema. Lakini kila chombo kina kiasi chake. Mtu akipita kiasi hicho hupoteza mazao, hupoteza gari, na pengine hupoteza maisha ya watu.

Somo hili linaeleza mambo manne: jinsi ya kujua uzito ambao gari laweza kuchukua, jinsi ya kujua uzito wa mzigo wako, hatari zitokeazo mzigo ukizidi, na namna njema ya kupakia. Lisome polepole. Kama una jirani asiyejua kusoma, msomee.

1. WEWE NDIWE MIZANI

Katika barabara kuu za Tanzania kuna vituo vya mizani ambako magari ya mizigo hupimwa. Magari yanayotakiwa kupimwa ni yale yenye uzito wa tani 3.5 au zaidi. Pikapu nyingi, hata zikiwa na mzigo wake halali, hazifiki uzito huo. Kwa hiyo hupita mizani bila kupimwa.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa pikapu haipimwi, basi haina kiasi. Hilo ni kosa. Kiasi kipo, ila hakuna wa kukipima isipokuwa wewe mwenye mzigo, pamoja na dereva. Askari wa barabarani aweza kukusimamisha, lakini hayupo katika kila kona ya njia itokayo shambani. Kwa sababu hii, wewe ndiwe mizani. Usimwachie dereva peke yake neno hili, maana dereva wa kukodi aweza kukuambia, "Gari hili linachukua tu," kwa kuwa hataki kukosa nauli.

2. JUA KIASI CHA GARI

Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo ambayo mlango hufungia. Magari mengi yana kibao kidogo mahali hapo. Mengine kibao kiko chini ya boneti. Kibao hicho huonyesha uzito mkubwa kabisa ambao gari laruhusiwa kuwa nao, yaani gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo, vyote pamoja. Tafuta pia uzito wa gari likiwa tupu, katika kadi ya gari au katika kitabu chake. Kisha toa uzito mtupu katika uzito wote. Kinachobaki ndicho kiasi cha watu na mzigo.

Tufanye hesabu moja kwa mfano. Tuseme pikapu yako ina uzito wote wa kilo 2,800, na ikiwa tupu ni kilo 1,800.

Kilo 2,800 toa kilo 1,800 zabaki kilo 1,000.
Dereva na watu wawili, kila mtu kilo 70, ni kilo 210.
Kamba, turubai, jeki na vyombo vingine ni kilo 30.
Kilo 1,000 toa kilo 240 zabaki kilo 760.

Basi gari hili, ambalo watu huliita "la tani moja", lina nafasi ya kilo 760 tu za mazao. Magunia saba ya kilo 100 yanatosha. La nane limezidi. Ukitaka kupakia zaidi, mwache mtu mmoja aje kwa gari jingine.

3. JUA UZITO WA MZIGO

Usihesabu magunia bila kupima. Gunia si kipimo. Gunia lililojazwa hadi mdomo na kushonwa lina uzito wake, na gunia la lumbesa, lile lililovishwa kilemba cha kamba na mazao mengine juu, lina uzito mwingine kabisa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania hairuhusu mazao ya shamba kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Lumbesa humwibia mkulima, kwa maana mnunuzi hulipa gunia moja na kuchukua gunia na nusu. Lakini lumbesa ina ubaya wa pili ambao watu hawauangalii: humdanganya mwenye kupakia. Magunia saba ya kilo 100 ni kilo 700. Magunia saba ya lumbesa, tuseme kila moja kilo 140, ni kilo 980. Idadi ni ileile, lakini gari limezidishwa zaidi ya kilo 200, na hakuna aliyejua.

Tena gunia zito huumiza wachukuzi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mzigo anaobeba mwanamume mzima peke yake usizidi kilo 55. Ukifunga magunia ya kilo 50, mgongo wa mchukuzi utapona, na hesabu ya gari itakuwa nyepesi: magunia mawili ni kilo 100.

Wala usipime mzigo kwa macho, ukitazama jinsi ulivyojaa. Bodi ya pikapu yenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 45 hubeba karibu mita moja ya ujazo. Ikijaa viazi mviringo hadi ukingoni, uzito ni kama kilo 650. Ikijaa mchanga uliolowa hadi ukingoni, uzito waweza kukaribia kilo 1,900. Bodi ni ileile, imejaa vilevile, lakini mzigo wa pili ni karibu mara tatu. Maji nayo ni mazito: lita moja ni kilo moja, basi tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima bila kuhesabu tangi lenyewe. Mfuko mmoja wa mbolea ya dukani kwa kawaida ni kilo 50, na samadi iliyonyeshewa ni nzito kuliko iliyokauka.

Kama kijiji chenu au chama chenu cha ushirika kina mizani, itumieni. Kama hamna, nunueni moja kwa shirika. Pima gunia moja moja, andika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

4. HATARI ZA KUZIDISHA MZIGO

(a) Breki hushindwa. Breki zimetengenezwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao. Uzito ukizidi, gari huchelewa kusimama. Mteremkoni ni vibaya zaidi. Fikiri juu ya barabara itokayo Lushoto kuteremka hadi Mombo kwa njia ya Soni. Katika safari ya kilomita zaidi ya 30 gari hushuka karibu mita 1,000, katika kona nyingi, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Dereva akishika breki njia yote na mzigo umezidi, breki hupata moto mkali. Kwanza utasikia harufu ya kuungua. Kisha kanyagio hulainika, na gari halishiki tena hata ukikanyaga kwa nguvu zote. Hapo hakuna wa kumlaumu. Jambo lilikwisha haribika shambani, wakati wa kupakia.

(b) Usukani huwa mwepesi. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, gari huwa kama mizani ya mikono miwili: nyuma hushuka, mbele hunyanyuka. Tuseme kilo 900 zimewekwa, na katikati ya mzigo ni nusu mita nyuma ya ekseli, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 3. Magurudumu ya mbele yatapunguziwa kilo 150, na ekseli ya nyuma itabeba kilo 1,050 badala ya 900. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Yakiwa mepesi, hukata kona vibaya, na penye utelezi gari huenda moja kwa moja hata ukikata usukani. Usiku, taa za mbele hutazama juu na kumpofusha dereva anayekuja.

(c) Tairi hupasuka. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba na herufi moja. Namba hiyo huonyesha uzito ambao tairi moja laweza kubeba. Kwa mfano, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, na 112 ni kilo 1,120. Tairi lililozidishwa uzito, au lililopungua upepo, hujikunja kila linapozunguka. Kule kujikunja huleta joto, na joto hudhoofisha tairi mpaka lipasuke, mara nyingi katika lami wakati wa mchana wa jua na gari linakimbia. Tairi la nyuma likipasuka na gari limejaa, dereva hawezi kulizuia kwa urahisi.

(d) Springi, ekseli na chasisi huvunjika. Watu wengine hupeleka gari kwa fundi kuongezewa springi, kisha husema gari sasa lina nguvu. Angalia sana hapa. Springi za kuongeza huzuia gari lisilale nyuma, lakini haziongezi nguvu ya breki, wala ya tairi, wala ya ekseli, wala ya chasisi. Zafanya jambo moja tu: zaficha dalili. Zamani gari likilemewa ungeliona limelala. Sasa limesimama wima huku limelemewa vilevile.

(e) Gari hupinduka. Kabichi, nyanya na majani ya ng'ombe si mazito sana, kwa hiyo watu huyapanga juu mpaka yapite paa la gari. Mzigo mrefu huinua uzito wa gari juu. Katika kona gari huinamia nje, na likiingia shimoni upande mmoja huenda lisinyanyuke tena.

(f) Watu huanguka. Usiruhusu mtu yeyote apande juu ya mzigo, awe utingo, mchukuzi, mama aendaye sokoni, au mtoto wa shule aombaye kusogezwa. Mtu wa juu ya magunia hana cha kushika. Gari likiyumba huanguka yeye kwanza, na magunia humfuata. Ukimhurumia mtu kwa kumpandisha juu ya mzigo, hujamhurumia.

5. NAMNA NJEMA YA KUPAKIA

1. Simamisha gari mahali palipo sawa. Vuta breki ya mkono, na weka mawe nyuma na mbele ya gurudumu.
2. Pima upepo wa tairi zote, na wa tairi la akiba, kabla ya safari, tairi zikiwa baridi. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye gari kwa ajili ya mzigo. Usipunguze upepo ili gari liende laini.
3. Weka vitu vizito chini, na mbele karibu na kibanda cha dereva. Vyepesi vije juu. Katikati ya mzigo iwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Pikapu yenye milango minne ina bodi fupi, na sehemu kubwa ya bodi hiyo iko juu ya ekseli na nyuma yake. Basi ipakie kidogo kuliko ile ya milango miwili.
4. Gawa uzito sawasawa kushoto na kulia.
5. Usifungue mlango wa nyuma ili kupanga magunia yaning'inie nje.
6. Usipange mzigo mzito kupita ukingo wa bodi. Ukiwa na mzigo mwepesi ulio mrefu, usipite kimo cha paa la dereva.
7. Funga kwa kamba imara, kushoto hadi kulia na mbele hadi nyuma. Baada ya kilomita chache simama, ukaze tena, maana mzigo hukaa na kamba hulegea.
8. Rudi nyuma hatua kumi, ulitazame gari kwa ubavu. Kama nyuma imelala na mbele imeinua pua, shusha magunia. Usibishane na gari.

6. SAFARINI

Nenda polepole kuliko siku ambayo gari ni tupu. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa ili breki zisimamishe gari huzidi mara nne. Acha nafasi kubwa kati yako na gari la mbele.

Mteremko mrefu uanze kwa gia ndogo tangu juu kabisa, wala usingoje mpaka gari limekwisha kushika mbio. Acha injini ilizuie gari, na breki uzitumie kwa vipindi. Usiteremke kamwe gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta. Ukisikia harufu ya breki, simama mahali pa salama, uache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka.

Ikitokea breki zimeshindwa, kanyaga na kuachia upesi upesi, rudisha gia ndogo, vuta breki ya mkono pole pole, piga honi, na ukilazimika kugusa, elekea upande wa mlima, si upande wa bonde. Lakini dawa iliyo bora ni kutozidisha mzigo.

Katika njia ya udongo wakati wa masika, mzigo uliozidi huchimba mifereji ambamo maji hupita na kuiharibu njia. Njia hiyo ndiyo itakayopitisha mavuno ya jirani zako kesho, na mgonjwa wa kijiji chenu kesho kutwa.

7. MZIGO ULIOZIDI HUHARIBU MAZAO

Viazi vya chini katika rundo kubwa hubonyezwa na kuchubuka, na kila mchubuko ni mlango wa kuoza. Kata au ng'oa majani ya viazi kama wiki mbili kabla ya kuvuna, ili ngozi ikomae. Usitupe magunia; yashushe kwa mikono. Yafunike kwa turubai kuzuia jua, kwa maana kiazi kikipata mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, hakifai kuliwa. Lakini acha upenyo wa hewa.

Nyanya zikijazwa katika tenga kubwa, zile za chini hupondwa na uzito wa wenzake. Kreti fupi na imara ni bora, kwa kuwa kreti hubebana zenyewe, na nyanya hazibebi kitu. Kabichi ziachiwe majani machache ya nje ili yawe kama mto safarini.

8. HESABU YA FEDHA

Mkulima aweza kusema, "Maneno haya ni kweli, lakini safari ya pili ni gharama." Basi tuhesabu. Tuseme una magunia 14 ya kilo 100, gari linachukua 7, na nauli ya safari moja ni shilingi 70,000. Ukipakia yote mara moja, nauli ni shilingi 5,000 kwa gunia. Ukienda safari mbili, ni shilingi 10,000 kwa gunia. Umeongeza shilingi 70,000.

Sasa tuseme gunia moja ni shilingi 60,000. Katika mzigo uliozidi, magunia mawili yakipondwa, umepoteza shilingi 120,000. Faida uliyoitafuta imekwisha, na deni limebaki. Hapa hatujahesabu tairi, springi, siku ya kulala njiani mazao yakinyauka, wala hospitali. Na kuna kitu ambacho hakiandikwi katika daftari lolote: mtu aliyetoka nyumbani alfajiri asirudi.

Kama safari ya pili inakulemea kweli, liko shauri jingine. Shirikianeni wakulima watano au sita, mpeleke magunia kwa pikapu kidogo kidogo hadi barabara kuu, na hapo mkodi lori moja lenye uwezo wa mzigo wote. Lori hilo litapita mizani kwa halali, na nauli ya kila gunia mara nyingi hupungua. Chama cha ushirika na Bwana Shamba wenu waweza kuwasaidia kupanga siku moja ya kuvuna na siku moja ya kusafirisha.

9. MASWALI KABLA YA KUONDOKA

Jiulize maneno haya, na kama jibu la moja ni "sijui", usiondoke bado.

Je, najua kiasi cha gari hili kwa kilo?
Je, nimepima magunia, au nimeyahesabu tu?
Je, nimehesabu na uzito wa watu?
Je, tairi zina upepo wa kutosha?
Je, mzigo mzito uko chini na mbele?
Je, kamba imekazwa?
Je, hakuna mtu juu ya mzigo?

Ndugu mkulima, umelitunza zao hili miezi mingi. Uliliamkia alfajiri, ulilipalilia juani, ulilinda lisiliwe na wadudu wala ndege. Usiliharibu katika saa moja ya kupakia. Gunia linalobaki shambani leo litauzwa kesho.